Nilipojaribu kulisha familia kwa Sh3,000 kwa siku

Mwezi uliopita, siku ya kliniki ya watoto, mama mmoja wa hapa Babati mjini aliniuliza swali lililonifuata mpaka nyumbani. Nilikuwa nimempima mwanawe wa miezi 14. Alikuwa na kilo nane kasoro kidogo, na mstari wa uzito kwenye kadi ulikuwa umelala kwa miezi mitatu. Nikaanza maneno yangu ya kila siku, ambayo huenda nawe umeshayasikia: mpe mtoto yai, mpe maziwa, samaki, matunda na mboga za majani, ale mara nne au tano kwa siku. Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, bila ukali, "Dada nesi, nyumbani tuko wanne. Siku nikipata kibarua nashika elfu tatu, na mkaa humo humo. Hebu niambie, hayo yote nayanunua kwa mpangilio gani?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwasomea akina mama orodha isiyo na bei.

Jioni nikawaeleza wenzangu nyumbani. Nasi tuko wanne: mimi, mume wangu, mtoto wetu wa miaka miwili na nusu, na mama mkwe mwenye kisukari anayetumia vidonge. Tukakubaliana siku saba, Sh3,000 kwa siku, chakula na mkaa. Hakuna kugusa kilichomo kabatini isipokuwa chumvi. Mama mkwe alicheka sana. Alisema yeye alilea watoto saba kwa mtindo huo na hakuna aliyemwambia kwamba ni changamoto.

Jambo hili si geni duniani. Kuna kampeni iliyowataka watu wa Australia na baadaye Uingereza waishi siku tano kwa pesa kidogo. Uingereza ilikuwa pauni moja kwa siku. Mwaka 2015 mwigizaji wa Marekani, Gwyneth Paltrow, alijaribu kula kwa Dola 29 kwa wiki na akashindwa kwenye siku ya nne. Nilipokuwa nikisoma habari zake nilitabasamu. Utaona mbele kwamba sikupaswa kutabasamu.

Kabla hujasema Sh3,000 ni kidogo mno na hakuna anayeishi hivyo, angalia hesabu ya Serikali yenyewe. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa chakula kwenye Sh33,748 kwa mtu mzima kwa mwezi. Hiyo ni kama Sh1,125 kwa siku, kwa bei za wakati huo. Sisi tulikuwa tunagawana Sh750 kila mmoja, na mkaa ndani yake.

Siku ya kwanza sokoni

Ukiingia soko kuu la Babati na noti tatu za elfu moja, kitu cha kwanza kukushangaza ni jinsi chakula kilivyo kingi. Mbaazi, mahindi, maharage, mchele wa Magugu, ndizi, parachichi, samaki wa ziwani. Huu si mji wenye njaa. Chakula kipo, kazi ni kukifikia.

Nilinunua hivi: sembe kilo moja Sh1,400, maharage robo Sh600, mkaa wa kopo Sh500, mafuta ya kupima Sh300, nyanya na kitunguu Sh200. Hesabu ikafunga hapo. Fungu la mchicha lilikuwa Sh200 na sikuwa nazo. Asubuhi tulikunywa uji wa unga huohuo bila sukari, mchana na usiku tukala ugali na maharage. Watu wazima tulishiba. Ilipofika saa kumi jioni kichwa kilikuwa kinaniuma, lakini siwezi kusema nililala na njaa.

Mtoto ndiye aliyenifundisha. Alikula matonge matatu ya ugali akasema ameshiba, na saa moja baadaye akaanza kulia. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza ugali au uji mwepesi, linajaa kweli, lakini lina maji na wanga mwingi na kingine kidogo sana. Ndiyo maana mtoto wa jirani yako anaweza kula kila siku, asikose mlo hata mmoja, na bado adumae. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wengi wa hao hawakulala bila kula. Walikula, ila walikula kitu kimoja.

Usiku ule nilifanya jambo la kinesi. Nilichukua bomba la sindano nikapima mafuta niliyouziwa. Mafuta ya Sh300 yalikuwa mililita 43. Ukipiga hesabu, lita moja kwa kipimo hicho ni karibu Sh7,000, wakati chupa ya lita ileile dukani iliuzwa Sh5,500. Mwenye pesa kidogo ndiye anayenunua kwa bei kubwa, na hivyo ndivyo ilivyo kwa sukari, sabuni na mkaa. Sikumlaumu muuza duka, naye ana kodi ya kulipa. Ila nilijilaumu mimi niliyekuwa nikiwaambia akina mama "mpangilie vizuri matumizi" kana kwamba hawapangilii.

Sado ya mahindi na jirani

Siku ya pili mama mkwe alichukua uongozi. "Sembe ya dukani ya nini?" akauliza. "Tafuta jirani mgawane mahindi." Sado moja ya mahindi ilikuwa Sh2,600. Peke yangu ingemaliza pesa ya siku nzima, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Mimi na jirani tukachanga Sh1,300 kila mmoja, na mashineni tukalipa Sh150 kila mmoja. Nilirudi na dona kilo moja na nusu na ushee kwa Sh1,450. Kiasi hicho cha sembe kingenigharimu zaidi ya Sh2,000.

Dona ina faida nyingine. Mahindi yakikobolewa, kiini na maganda vinaondoka na sehemu kubwa ya vitamini B, madini ya chuma, zinki na nyuzinyuzi. Kwa mgonjwa wa kisukari nyuzinyuzi hizo zinasaidia sukari isipande kwa kasi baada ya kula, ingawa tonge kubwa linabaki kuwa tonge kubwa hata likiwa la dona.

Sasa hapa nikuombe unisikilize vizuri. Sokoni mtu mmoja alinionyesha mahindi ya bei rahisi zaidi, yaliyopigwa na unyevu, baadhi ya punje zikiwa na ukungu wa kijani. Ukiwa na Sh3,000 mkononi, mkono unanyooka wenyewe. Usiyanunue. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na wilaya yetu ya Kiteto ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Sumu hiyo haiishi kwa kuosha wala kwa kupika. Kwa kipimo kidogo kidogo inadhuru ini kwa miaka bila wewe kujua. Chambua punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizooza kabla ya kusaga, na usimpe kuku zile ulizozitupa ukitegemea kula mayai yake. Karanga nazo ni hivyohivyo: iliyosinyaa au kuwa chungu, iteme.

Siku ya tatu tulikula kande za mbaazi. Mbaazi zina hadithi yake hapa kwetu. Wakulima wengi wa Babati huzipanda pamoja na mahindi, na kwa miaka mingi zimelimwa kwa ajili ya kuuzwa India. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa kununua mbaazi kutoka nje, bei ilianguka vibaya na watu wakabaki na magunia ndani. Nakumbuka wakati ule watu walisikitika kwamba mbaazi hazina soko, na ni wachache waliozungumzia kuzila. Mpaka leo kuna nyumba zinauza mbaazi zote na kurudi na sembe. Mimi nasema bakiza debe moja. Ni chakula cha kujenga mwili, sawa na maharage, na wiki ile kilo ilikuwa Sh1,800 wakati maharage yalikuwa Sh2,400.

Loweka mbaazi au maharage usiku kucha, mwaga maji, kisha pika kwa maji mapya. Mkaa wetu wa siku hiyo ulibaki nusu kopo. Zaidi ya mkaa, kuloweka kunapunguza vitu vinavyozuia mwili kufyonza chuma na zinki. Kamulia ndimu au weka nyanya, kwa sababu vitamini C inausaidia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye mikunde na mboga. Na chai ya rangi uliyozoea kushushia, iache walau saa moja ipite baada ya kula, hasa kama una mimba au uliambiwa damu imepungua. Ushauri huo hauna gharama hata senti moja.

Yai ni la nani?

Siku ya tatu hiyohiyo nilibaki na Sh900, jambo ambalo lilinishangaza. Nikanunua dagaa wa Sh500 na yai moja la Sh400. Nikamchemshia mtoto yai. Mume wangu aliliangalia yai lile kwa namna ambayo sitaisahau, na si mtu mchoyo.

Tuseme ukweli kati yetu. Katika nyumba nyingi ninazozijua, kipande kizuri kinaenda kwa baba, mabaki kwa watoto, na mama anakwangua sufuria. Mila hiyo ilikuwa na sababu zake. Lakini mtu mzima akikosa yai wiki nzima hadumai. Mtoto wa chini ya miaka miwili akilikosa, pamoja na dagaa, maziwa na nyama, kuna kitu cha ubongo na mifupa ambacho hutakirudisha akiwa darasa la tano. Kwa hiyo pesa ikiwa ndogo, yai ligawanywe kwa umri na ugonjwa, cheo kisubiri. Mdogo kwanza, kisha mjamzito na anayenyonyesha, kisha mgonjwa.

Dagaa wale niliwatoa vichwa na mchanga, nikawakaanga bila mafuta, nikawatwanga kwenye kinu mpaka wakawa unga, nikawaweka kwenye kopo lenye mfuniko. Kila mlo wa mtoto nilitia kijiko kimoja cha chai, kwenye uji au kwenye mchuzi wa maharage yaliyopondwa. Dagaa wa Sh500 walimtosha siku nne. Huu ndio ulikuwa ugunduzi mkubwa wa wiki yangu. Nilikuwa nikihangaika kutengeneza mlo kamili wa familia nzima kwa Sh3,000, kitu ambacho hakiwezekani kila siku. Kumbe nyongeza ya mtoto peke yake, yaani dagaa kidogo, yai mara mbili kwa wiki na kipande cha parachichi au papai, ilinigharimu kama Sh300 kwa siku. Hiyo ndiyo inayotoka kwanza, kabla ya mafuta, kabla ya sukari, kabla ya soda ya mgeni.

Uji nao uwe mzito. Ukiinamisha kijiko, usichuruzike kama maji. Mtoto wa miezi sita hadi minane apewe chakula mara mbili hadi tatu kwa siku, wa miezi tisa na kuendelea mara tatu hadi nne pamoja na kitu kidogo katikati, na kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Kuhusu ule unga wa lishe wenye nafaka saba, soya, karanga na vinginevyo, mimi siupendi sana. Unakaa muda mrefu, karanga zilizosagwa zinavunda, na bei yake inamfanya mama auchemshe mwepesi ili uishe polepole. Dona safi, na karanga za kutwanga siku hiyohiyo, vinatosha.

Siku ya tano, saa tisa alasiri

Nilirudi kazini nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye kigoda, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, akiniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Nilipima sukari: 3.1. Ilikuwa imeshuka.

Nilifungua kabati, nikakoroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, nikamnywesha polepole. Baada ya dakika 15 nilipima tena, ikawa imepanda. Nikampa chakula. Alipopata nguvu ndipo alisema. Asubuhi alimeza kidonge chake kama kawaida, akanywa uji nusu kikombe, nusu nyingine akampa mjukuu. Mchana hakula kabisa. "Niliona chakula ni kidogo," akasema, "na mimi nimeshakula miaka mingi."

Changamoto yangu iliishia hapo. Siku nne na nusu.

Nimekaa na jambo hili kwa sababu mimi ni nesi, kidonge kile nilikijua, na bado halikunijia wazo kwamba bibi angejinyima kimyakimya. Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa na pesa imepungua, mwangalie huyo kwanza. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide hatakiwi kuruka mlo baada ya dawa. Kama chakula hakipo kweli, asijiamulie. Aende au apige simu kituoni aelekezwe kipimo. Dalili ni hizo nilizokutajia: jasho, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa. Mpe sukari haraka. Akiwa amezimia usimtie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Wako pia wanaoacha dawa za ARV au za kifua kikuu kwa sababu "siwezi kumeza na tumbo tupu". Vidonge vya ARV ambavyo wengi wanatumia sasa, vyenye dolutegravir, vinaweza kumezwa ukiwa umekula au hujala. Kwa dawa nyingine muulize anayekuhudumia, lakini mwambie ukweli kwamba chakula kimekosekana. Hatutakucheka, na kuna mambo tunaweza kupanga. Kugawa kidonge cha presha nusu ili kiishe baada ya miezi miwili, hilo ndilo linaloleta watu wodini wakiwa wamepooza upande mmoja.

Kuna vitu ambavyo havipaswi kukutoa pesa na bado watu wanaviacha. Kupimwa uzito wa mtoto, chanjo, matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita kuanzia umri wa miezi sita, dawa za minyoo kuanzia mwaka mmoja. Sera inasema watoto walio chini ya miaka mitano na wajawazito wanahudumiwa bure kwenye vituo vya umma. Ukifika, omba mtoto apimwe mkono kwa ule utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi sita hadi 59 ni nyekundu, ni utapiamlo mkali, na unatibiwa kwa chakula dawa. Miguu yote miwili ikivimba, usisubiri siku ya kliniki.

Na mboga, msomaji wangu wa Babati, hebu tusinunue mchicha wakati wa mvua. Mnafu unajiotea wenyewe nyuma ya nyumba. Gunia moja la udongo na samadi linabeba sukuma wiki ya kutosha familia. Niliona nyumba moja kule Maisaka imepanda maboga yakapanda ukuta mzima, majani yake wanachuma kila siku.

Yule mama alirudi kliniki juzi. Nilimwambia nilijaribu bajeti yake na nikashindwa siku ya tano. Alicheka mpaka akashika benchi. Kisha tukakaa tukaandika pamoja nyuma ya karatasi, na bei zake: dagaa wa Sh500 watwangwe Jumapili, yai Jumanne na Ijumaa, dona ya kuchangia na jirani, uji mzito, anyonyeshe kama kawaida. Akaisoma karatasi mara mbili.

"Na siku nisipopata kibarua?"

Hapo nikanyamaza tena. Tukaongeza mstari wa chini: kopo la dagaa lisiishe kabisa kabla hajanunua wengine, na siku mbili zikipita bila pesa aje aniambie, asingoje mwezi uishe. Mtoto alikuwa ameongezeka gramu 200 tangu mara ya mwisho. Nikaweka nukta kwenye kadi, nikamwandikia tarehe ya kurudi.